Msimbo Aliopewa Fundi Cherehani

Kazini walimwita Nukta. Jina hilo lilimpata mwaka wake wa pili hospitalini, alipomrudishia mwenzake mafaili sitini na mawili kwa kosa moja tu: misimbo yote ilikuwa imeandikwa bila nukta. "Weka nukta," alimwambia mbele ya watu. "Bila nukta umempa mtu ugonjwa wa jirani yake." Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na tangu hapo jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye hati ya mshahara tu.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu kuielezea. Akiwa kwenye sherehe na mtu akamuuliza anafanya nini, akijibu "Naweka misimbo hospitalini," alitazamwa kama mtu aliyesema anafuga samaki juu ya paa. Basi alijifunza kulieleza jambo polepole. Mgonjwa akiruhusiwa, faili lake halimfuati nyumbani. Linashuka ngazi hadi idara ya kumbukumbu. Huko mtu kama yeye analisoma, anaangalia daktari amesema mgonjwa aliugua nini, kisha anautafuta ugonjwa huo kwenye kitabu kinene na kuuandikia herufi moja na tarakimu mbili tatu. Huo ndio msimbo. Huo ndio unaoingia kwenye kompyuta, ndio unaochapwa kwenye muhtasari ambao mgonjwa anaupeleka kliniki ya kwao, na ndio unaohesabiwa mwisho wa mwaka, wakubwa wakitaka kujua watu wanaugua nini.

"Kwa hiyo na wewe ni daktari?" shemeji yake aliwahi kumuuliza.

"Hapana. Mimi nasoma mwandiko wa madaktari."

"Pole sana. Basi kazi yako ni ngumu kuliko yao."

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, mwembamba, miwani yake imefungwa kamba nyeusi shingoni. Meza yake ilikuwa karibu na rafu, mbali na feni. Mbele yake, dirishani, alikaa binti mmoja aliyeajiriwa mwaka uliopita, mwepesi wa vidole, mwenye mazoea ya kunong'ona anachosoma. Nukta ndiye aliyemfundisha kazi, na alimfundisha vizuri. Walipofika kurasa za herufi G, zile za mfumo wa neva, alimsimamisha.

"Hapa usikimbie," alimwambia. "Hapa tembea."

Akamchorea waya wa umeme nyuma ya bahasha. Neva ni kama waya, alisema, ina shaba ndani na mpira nje. Kuna magonjwa yanayoshuka ghafla na kuubandua ule mpira. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekufa ganzi, au jicho limeingia ukungu. Moja linakuja baada ya homa na kupita lisirudi. Jingine linaganda kwenye uti wa mgongo. Jingine linarudi kila baada ya miezi, likimega huku na huku. Hilo madaktari wanaliita em-es, na msimbo wake ni G35. Halafu kuna la Devic, linalopenda macho na uti wa mgongo kwa pamoja, na hilo ni G36.0.

"Kwa nje yanafanana kama mapacha," alisema. "Lakini dawa ya huyu inaweza kumwangusha yule. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

Ndiyo maana baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakujua.

Mkuu wa idara, bwana mmoja mnene aliyependa mikutano, alikuwa ameweka ubao mweupe ukutani. Kila jioni kila mtu aliandika idadi ya mafaili aliyomaliza. Mkuu alisema ni kwa ajili ya kuona mzigo wa kazi, lakini hakuna aliyeuona ubao ule kwa jicho hilo. Kwa wiki tatu mfululizo binti wa dirishani alikuwa juu. Hakujisifu, aliandika namba yake na kufunika kalamu. Hilo ndilo lililomchoma Nukta zaidi. Kama angejisifu, angalau angepata la kumsema. Miaka kumi na tisa kwenye kiti kile, na sasa mtoto aliyemfundisha kushika kitabu anampita akinong'ona.

Alhamisi ya mwisho wa mwezi, saa tisa na nusu alasiri, Nukta alikuwa na mafaili arobaini. Binti naye alikuwa na arobaini. Nukta akavuta faili lililokuwa juu ya rundo.

Lilikuwa la mwanamke wa miaka thelathini na minne, kazi yake fundi cherehani. Alilazwa wiki tatu. Maumivu nyuma ya macho, kisha miguu ikaisha nguvu, kisha akaanza kupata nafuu. Kwenye ukurasa wa kwanza daktari wa neva alikuwa ameandika: *Inadhaniwa ni em-es.* Faili lilikuwa na kurasa tisa. Mwishoni palikuwa na karatasi ya buluu ya maabara, imekunjwa, imenasa kwenye ukurasa wa tisa kwa gundi iliyovuja. Nukta aliiona. Kidole chake kiliiinua pembe, kikahisi inagoma, kikaiachia. *Majibu ya damu tu,* akajisemea. Neno "inadhaniwa" nalo aliliona. Kwa siku yoyote nyingine neno hilo lingemfanya avute kiti na kusoma mpaka mwisho. Siku hiyo alitazama saa, akatazama mgongo wa binti, akaandika G35 na herufi mbili za sahihi yake pembeni.

Arobaini na moja.

"Leo umenishinda, mzee," binti alisema, akitabasamu kabisa, bila kinyongo.

Nukta alirudi nyumbani akipiga mluzi.

Miezi saba ikapita. Asubuhi moja simu ya idara ikalia. Sista wa wodi ya neva alikuwa anataka faili la zamani la mgonjwa aliyerudishwa kwa gari la wagonjwa. Nukta akalitafuta rafuni, akalipata, na kwa kuwa barua ya rufaa ilikuwa imeshateremshwa ili iingizwe humo, akaisoma akiwa amesimama, kama alivyozoea kusoma kila kitu kinachopita mkononi mwake.

Barua ilitoka kwa daktari wa kliniki ya mbali. Ilikuwa na adabu. *Kwa mujibu wa muhtasari wenu wenye msimbo G35, nilimwanzishia mgonjwa sindano za em-es. Baada ya miezi mitano hali imekuwa mbaya ghafla. Jicho la kulia halioni. Miguu haimudu kusimama. Naomba msaada wenu.*

Nukta alikaa kwenye ngazi ya rafuni. Akalifungua faili, akafika ukurasa wa tisa, akaibandua ile karatasi ya buluu taratibu mpaka ikaachia. Damu ya mgonjwa ilikuwa na alama inayoonekana kwa wenye ugonjwa wa Devic. Na chini yake, palipokuwa pamefichwa na mkunjo, mwandiko wa daktari wa neva, safari hii unasomeka kama wa mtoto wa shule: *Si em-es. Ni Devic. ASIPEWE dawa za em-es.* Neno la mwanzo la sentensi ya mwisho lilikuwa limepigiwa mistari miwili.

Alisikia feni, akasikia binti akinong'ona, akasikia mtu akicheka koridoni, na sauti zote zilimfikia kama zinatoka nyumba ya pili.

Alichofanya baada ya hapo kilimwaibisha kuliko kosa lenyewe. Alikwenda kwenye kompyuta yake, akamtafuta mgonjwa, akafuta G35, akaandika G36.0. Kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo. Kisha akalipeleka faili wodini mwenyewe, akamkabidhi sista, akashuka akaosha mikono. Kosa lilikuwa halionekani tena. Mtu angefungua leo, angeona kila kitu kiko sawasawa, nukta iko mahali pake.

Siku ile na iliyofuata alifanya kazi kama mtu anayetembea juu ya vigae vilivyomwagikiwa mafuta. Kila faili alilisoma mara tatu. Ubaoni aliandika kumi na mbili, na mkuu akamuuliza kama anaumwa. "Kidogo," alijibu. Alijiambia mambo mengi. Kwamba daktari wa kliniki alipaswa kupiga simu na kuuliza. Kwamba daktari wa neva alipaswa kukata maneno ya ukurasa wa kwanza. Kwamba muhtasari ulisainiwa na daktari, si na yeye. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililomwezesha kumaliza chakula.

Siku ya tatu wakaja kwenye dirisha la kuhudumia watu, na zamu ilikuwa ya Nukta.

Dirisha hilo lilikuwa dogo, lenye kioo kilichokatwa nusu duara chini ili karatasi zipite. Mwanamume mrefu mwenye shati la kazi alikuwa anasukuma kiti cha magurudumu. Kitini alikaa mwanamke mwenye uso mwembamba, vidole virefu, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa ustadi hata akiwa mgonjwa. Alikuwa anageuza kichwa chote kulia kila alipotaka kuona upande ule.

"Shikamoo, mzee," alisema.

"Marahaba, mama. Karibu."

"Tumeambiwa tuombe nakala ya muhtasari wangu wa zamani. Ule wa mara ya kwanza ulilowa na mvua."

Akataja namba ya faili. Nukta hakuhitaji kuiandika.

"Nyumbani kuna maneno mengi," mwanamke aliendelea, kwa sauti ya mtu anayezungumza kupunguza uzito. "Nataka wasome wenyewe. Mimi ndiye niliyejiharibia, najua, lakini siyo kiasi wanachosema."

"Umejiharibia vipi?" Nukta aliuliza, na mara akajuta kuuliza.

Mumewe ndiye aliyejibu. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu. "Alikuwa na sindano za kuchomwa nyumbani. Akakosa mbili. Anaogopa sindano. Fundi cherehani anaogopa sindano, mzee, umewahi kusikia?"

"Ya kushonea siiogopi," mwanamke alisema. "Naogopa ya mwilini."

"Akazificha chini ya vitambaa. Mama yangu akaziona. Sasa jicho limekwenda, na mama hamsemeshi. Anasema kama angechoma zote, leo angekuwa anaona. Na mimi..." Mwanamume akasita, akashika vizuri vishikio vya kiti. "Na mimi nimeshamwambia maneno ambayo sikupaswa kumwambia mgonjwa."

"Ni kweli lakini," mwanamke alisema. "Niliruka mbili. Mungu anaona."

Nukta alisimama upande wa pili wa kioo. Sindano zile mbili alizoziruka huyu mama ndizo pekee ambazo hazikumdhuru. Angeruka zote, pengine angekuwa anaona. Na kati ya watu wote waliokuwa wanamsema, wanaomnunia, wanaomhurumia, ni yeye peke yake, mzee wa dirishani anayeitwa mzee kwa heshima, aliyejua kosa lilikuwa la nani.

"Printa imegoma," alisema. "Njooni Jumatatu."

Printa haikuwa imegoma. Ilikuwa inachapa nyuma yake, na mwanamume akaisikia, lakini akamwitikia kwa kichwa na kugeuza kiti.

Jumapili mchana mke wake alikuwa anakunja nguo zilizokauka, na Nukta alikuwa anamsaidia vibaya, anakunja shati lilelile mara ya tatu.

"Hebu niachie hilo shati kabla hujalitoboa," mkewe alisema. "Una nini wewe? Umekaa siku nne kama mtu aliyemeza mfupa."

Akamweleza. Alianzia kwenye barua, akarudi nyuma kwenye karatasi ya buluu, akafika dirishani. Mkewe aliacha kukunja.

"Ana watoto?"

"Wawili. Nimeona kwenye faili."

"Na siku ile hukusoma mpaka mwisho kwa sababu ulikuwa unaumwa?"

"Hapana."

"Kwa sababu mwandiko haukusomeka?"

"Hapana. Nilikuwa nashindana. Na yule binti. Ubaoni."

Mkewe akamtazama kana kwamba ameingia mtu mgeni chumbani. "Mtu mzima na miwani yake," alisema polepole. "Unashindana na mtoto wa watu kwa namba za ubaoni."

Lilikuwa neno dogo, lakini Nukta hakuwahi kuambiwa kubwa kuliko hilo. Akainamisha kichwa. Mkewe akaendelea kukunja nguo, akapanga soksi, akapanga taulo. Nukta alisubiri amwambie kwamba watamfukuza, afikirie kustaafu kwake, anyamaze tu yapite.

"Unamwambia lini?" mkewe aliuliza.

Jumatatu asubuhi alianza na mkuu wa idara. Mkuu alimsikiliza akiwa na kikombe mkononi, na kadiri Nukta alivyozidi kusema ndivyo kikombe kilivyozidi kushuka.

"Umeshausahihisha msimbo?"

"Nimesahihisha. Kimyakimya. Na hilo nalo nimekuja kulisema."

"Basi limekwisha. Mgonjwa yuko hapa, madaktari wameshajua ni Devic, anapata dawa yake. Andika maelezo, nitayaweka kwenye faili lako, tutaona."

"Halijaisha, bosi. Anadhani ni yeye. Mume wake anadhani ni yeye. Mama mkwe hamsemeshi."

"Sisi hatuongei na wagonjwa," mkuu alisema, na sauti yake haikuwa ya ubaya. "Sisi tunaongea na makaratasi. Ukipanda huko juu ukasema uliyoniambia mimi, mimi sitaweza kukukinga."

"Najua."

"Miaka kumi na tisa, Nukta."

"Najua, bosi."

Akapanda.

Daktari wa neva alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, anayeogopwa na wanafunzi wake kwa sababu hakuwahi kurudia swali. Nukta alimkuta chumbani kwake, akamwekea faili mezani, limefunguliwa ukurasa wa tisa, na juu yake nakala ya muhtasari uliotoka na msimbo wa G35. Hakuhitaji maneno mengi. Daktari alisoma, akachukua muhtasari, akaushika kwa muda mrefu mahali pa sahihi.

"Sahihi hii ni yangu," alisema.

"Ndiyo, daktari."

"Nilisaini mihtasari ishirini siku ile nikiwa nimesimama. Sikusoma hata mmoja." Akauweka chini. "Tangu alazwe nimekuwa najiuliza kama kweli yule daktari wa kliniki alipata wazo la zile sindano kwetu, kama barua yake inavyosema. Nilikuwa nimeshaanza kumlaumu."

"Hata mimi nilijaribu kumlaumu. Na wewe pia, daktari. Unisamehe."

Daktari akamkazia macho. "Sikiliza, mzee. Usije ukafikiri nakupunguzia. Nina langu na nitalibeba. Lako liko palepale."

"Sikuja kupunguziwa," Nukta alisema. "Nimekuja kuomba ruhusa nimwambie."

Walikwenda pamoja alasiri. Mgonjwa alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha, na mumewe amekaa pembeni anamenya chungwa. Daktari aliongea kwanza. Alieleza ugonjwa kwa maneno mepesi, akaeleza dawa, akasema wazi kwamba hospitali ilitoa karatasi yenye jina la ugonjwa usio wake, na yeye mwenyewe aliisaini bila kuisoma. Kisha akamwachia Nukta nafasi.

Nukta alikuwa amepanga maneno tangu asubuhi. Yote yakamkimbia.

"Mimi ndiye niliyeandika," alisema. "Ukurasa wa mwisho ulikuwa na ugonjwa wako wa kweli. Niliuona kuwa upo, sikuufungua. Nilikuwa na haraka ya kijinga. Na siku ile mlipokuja dirishani nilikuwa nimeshajua, nikawadanganya kwamba printa imegoma."

Chungwa likaacha kumenywa. Mwanamke aligeuza kichwa chote ili jicho lake zima limpate vizuri.

"Zile sindano," alisema. "Hazikuwa zangu?"

"Hazikuwa zako."

"Zile mbili nilizoruka?"

"Hazikukuharibia kitu, mama. Zilizokuharibia ni zile ulizochoma."

Hakulia. Alianza kucheka, kicheko kidogo kisicho na furaha, kikaendelea mpaka kikageuka kitu kingine, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mumewe aliinuka, kisu cha kumenyea bado mkononi, akakitazama kama hakujua kimefikaje pale, akakiweka juu ya kabati. Uso wake ulikuwa umevimba kwa hasira. Nukta hakurudi nyuma. Kwa kweli sehemu fulani ya moyo wake ilitaka apigwe.

"Mzee," mwanamume alisema, "nimemwita mke wangu mzembe. Mbele ya watoto wake nimemwita hivyo. Miezi miwili." Akageuka akamwangalia mkewe, akakaa tena kitini na kufunika uso kwa viganja.

"Toka," mwanamke alimwambia Nukta. Hakupaza sauti. "Lakini kabla hujatoka, mpigie simu mama mkwe wangu umwambie hivyohivyo ulivyoniambia mimi. Nataka nisikie."

Mume akatoa simu, akapiga, akaweka sauti kubwa. Na Nukta akayarudia yote, amesimama katikati ya wodi, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakisikiliza bila kujificha, kwa mama mzee asiyemjua aliyekuwa anauliza kila mara, "Nani wewe? Nani?" Alijibu kila mara alipoulizwa. Alipomaliza, ile sauti ya kizee ikasema, "Nipe mkwe wangu." Nukta akaweka simu kitandani na kutoka.

Barua ya onyo ilikuja baada ya wiki mbili. Aliondolewa kwenye misimbo kwa mwaka mzima na kupelekwa rafuni, kupanga na kuteremsha mafaili, kazi aliyoanza nayo mwaka wake wa kwanza. Daktari naye aliitwa mbele ya kamati. Kilichoamuliwa huko hakikusemwa. Utaratibu ukabadilishwa: msimbo wowote wa kundi lile la neva usomwe na watu wawili kabla muhtasari haujachapwa, na muhtasari usisainiwe bila faili kuwa mezani. Ubao mweupe uliondolewa ukutani. Mkuu alisema umeondolewa ili ukuta upakwe rangi, na ukuta haukupakwa rangi.

Binti wa dirishani alihuzunika kwa namna iliyomtesa Nukta.

"Ni kwa sababu yangu," alimwambia siku moja, akipokea mafaili kutoka mikononi mwake.

"Wee, koma hapohapo," Nukta alisema, kwa ukali ambao hakuwahi kumwonyesha. "Hilo usinichukulie. Wewe ulikuwa unafanya kazi. Mimi nilikuwa nafanya mashindano."

Kwa upande wa fundi, dawa sahihi zilifanya kilichowezekana. Miguu ilirudi polepole, kwanza vidole, kisha magoti, kisha akaweza kusimama akishika ukingo wa kitanda. Baada ya miezi minne alitoka kwa fimbo mbili, na baadaye moja. Jicho la kulia halikurudi. Daktari alimwambia halitarudi, na hakulizungushia maneno. Nukta alizipata habari hizo kwa sista, ambaye pia alimletea ujumbe usiohitaji kurudiwa: mgonjwa hapendi kukutana naye.

Basi kila Jumanne, siku ya kliniki ya neva, Nukta alipita mlango wa nyuma, ule wa jikoni, akizunguka jengo zima kufika idarani. Haikuwa adhabu aliyopewa na mtu. Ilikuwa njia ndefu, yenye harufu ya sabuni na maji ya mchele, na aliipita mwaka mzima bila kumweleza yeyote, hata mkewe. Kosa lake halikumwacha. Lilibadilika tu namna ya kukaa; siku nyingine lilikaa kifuani, siku nyingine lilimngoja kwenye herufi G, na kulikuwa na siku alipitisha saa mbili bila kulikumbuka, kisha likamrudia na aibu ya kulisahau.

Aliporudishwa mezani, idadi yake ilikuwa mafaili ishirini na mawili kwa siku, na hakuna aliyemsema.

Jumanne moja bomba la jikoni lilipasuka, na watu wakakatazwa kupita nyuma. Nukta alipita mlango mkubwa, haraka, ameinamisha kichwa. Karibu na lango akasikia sauti.

"Mzee wa dirishani."

Alikuwa yeye, amekaa kwenye benchi akimsubiri mumewe alete gari, fimbo imelala mapajani. Alikuwa amenenepa kidogo. Alivaa gauni lililoshonwa vizuri sana, mshono wa shingo umenyooka kama umepigwa rula.

"Shikamoo," alisema.

Nukta alishindwa kuitikia salamu ile kwa mtu yule. "Hujambo, mama," alisema badala yake. "Hilo gauni..."

"Nimelishona mwenyewe. Dada yangu anapenyeza uzi, mimi nashona. Napinda kichwa hivi, kama kuku anayetazama mwewe." Akamwonyesha, na Nukta hakujua kama anaruhusiwa kucheka. "Nasikia unapita jikoni ukiniogopa."

"Sikuogopi. Ulisema hupendi kuniona."

"Ni kweli sipendi." Alisema hivyo bila chuki, kama mtu anayetaja kipimo cha kiuno. "Nikikuona nakumbuka. Lakini mama mkwe wangu anakutaja. Anasema, 'Yule mzee angenyamaza, mimi ningekufa nikimchukia mke wa mwanangu bure.'"

Gari likapiga honi. Mwanamke akajiinua kwa fimbo, na Nukta akanyoosha mkono, kisha akaurudisha kabla haujamgusa.

"Sijakusamehe," mwanamke alisema, akiwa ameshasimama. "Usije ukaniulizauliza. Nikishakusamehe nitakwambia mwenyewe."

"Sawa, mama."

"Na huko jikoni acha kupita. Unatembea kama mwizi, na wewe huibi."

Akaenda zake, hatua fupi, fimbo mbele, akigeuza kichwa kulia kuangalia magari. Nukta alisimama pale langoni mpaka gari lilipopinda kona, kisha akaingia kazini akiwa amechelewa dakika kumi na moja, akaandika muda huo kwenye daftari la mahudhurio, na mahali pa kuandika sababu akapaacha wazi.